Domeini ya .shop: fremu ni yako, soko ni la Mjapani

Wiki iliyopita mama mmoja muuza vitenge aliingia ofisini kwetu, tunakouza majina ya tovuti, na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo: domeini (jina la tovuti) ya .shop, mwaka wa kwanza dola mbili. "Mwanangu," akasema, "hii dot shop ni ya nani? Isije ikawa ya matapeli." Wateja wengi huuliza bei wakaishia hapo, kwa hiyo swali lake lilitufurahisha. Tukamjibu, "Ni ya Wajapani, mama." Akacheka, akidhani tunamtania.

Hatukuwa tunatania. Mwenye .shop ni GMO Registry, kampuni ya kundi la GMO Internet la Shibuya, Tokyo. Kwa muda mrefu GMO walikuwa madalali tu kama sisi, ila wakubwa: huduma yao ya Onamae.com inawauzia Wajapani majina ya tovuti tangu 1999. Siku hizo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, halikutaka dalali awe pia mwenye soko, yaani mmiliki wa .shop au neno jingine kama hilo. Mwaka 2010 likalegeza kamba. Mwaka 2012 likafungua dirisha la kuomba mikia mipya, yaani yale maneno yanayokuja baada ya nukta ya mwisho, kwa ada ya dola 185,000 kwa kila ombi. Hela hiyo haikuwatisha watu: yaliingia maombi 1,930.

GMO wakaanzia nyumbani. Walipata .tokyo, .nagoya na .yokohama, mikia ya miji yao wenyewe. Mjapani mwingine, kampuni ya Interlink, alichukua .moe, neno ambalo wapenzi wa katuni za kwao hulitumia kwa mhusika anayewayeyusha moyo. Kila mtu na soko lake.

Lakini .shop ilitakwa na kila mtu, Amazon na Google wakiwemo. Wasipoelewana waombaji, ICANN hupeleka mambo mnadani, na Januari 2016 GMO waliondoka na .shop kwa dola 41,501,000. Katika mnada wa aina ile bei hupanda hadi abaki mtu mmoja, naye hulipa kiasi alichoachia mshindani wa mwisho. Kwa hiyo kulikuwa na mwingine aliyekuwa tayari kufika karibu kabisa na hapo. Septemba mwaka huohuo milango ikafunguliwa kwa kila mtu, duniani kote.

Sasa turudi kwenye dola mbili za mama. Aliyelipa zaidi ya dola milioni 41 hawezi kuzirudisha kwa dola mbili mbili. Ile ni bei ya kukuvuta ndani. Mwaka wa pili, kwa madalali wengi, .shop inavuka dola 30, na hapo ndipo simu zinapoanza kuingia kwetu: "Mbona mmenipandishia?" Hatukupandisha. Ni kama fremu ya Kariakoo: ukiingia kwa ofa, soma kwanza mkataba unasemaje kuhusu kodi ya mwaka unaofuata. Mwenye soko akipandisha bei, sisi madalali hatuna ubavu wa kumzuia. Ukiona amepanga kupandisha, unaweza kulipia miaka kadhaa mbele kwa bei ya sasa, hadi kumi.

Kuna na kilemba. Majina mafupi na matamu mwenye soko huyaweka kando na kuyauza kwa bei maalumu, na mengine hubaki na bei hiyo ya juu kila mwaka. Kabla hujalipa, dai uoneshwe namba mbili: ya leo na ya mwakani. Dalali akikuonesha moja tu, ondoka.

Mama alikuwa na haki ya kuogopa matapeli pia. Mkia ukiuzwa kwa bei ya chee, walaghai nao hununua kwa wingi, na maduka hewa yenye .shop yapo. Hiyo haifanyi duka lako kuwa hewa, ila mteja asiyekujua atakuangalia mara mbili. Weka namba ya simu inayopokelewa, na picha za mzigo wako mwenyewe, siyo za kuokota mtandaoni.

Jambo linalotuumiza zaidi ni jina kuandikishwa kwa barua pepe ya fundi aliyekutengenezea tovuti. Taarifa za kulipia upya zinamwendea yeye, naye keshahamia kazi nyingine. Muda ukiisha, tovuti inazimika. Dalali akishaliachia, jina linaingia siku 30 za ukombozi, ambapo unaweza kulirudisha kwa faini ambayo mara nyingi huzidi bei ya jina lenyewe. Baada ya hapo linasubiri kufutwa kwa siku tano, kisha linarudi sokoni na yeyote analichukua. Tumeshuhudia mteja akipoteza jina la miaka sita kwa namna hiyo. Ingia kwenye akaunti yako leo uangalie ni barua pepe ya nani iliyopo pale. Usipoweza kuingia, hilo ndilo tatizo la kwanza kutatua, na tuko tayari kukaa nawe tulitatue.

Je, tunauza .shop? Tunauza. Kwa anayeuza nguo kwa wateja wa nje, ni neno fupi linaloeleweka. Kwa anayeuzia majirani, bado tunampendekezea .co.tz kwanza.

Mama wa vitenge alichukua zote mbili, na .shop tukaielekeza kwenye .co.tz yake. Jana kapiga simu kulalamika: kila akimtajia mteja ile anwani, anaulizwa, "Dot shop, halafu dot nini?"