Dawa mbili za maumivu kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji

Mhariri,

Wazazi wengi huogopa kumpa mtoto aliyetoka kufanyiwa upasuaji parasetamoli pamoja na ibuprofeni, wakidhani kwamba huko ni kuzidisha dozi, ilhali dawa hizo hutuliza maumivu kwa njia tofauti na, zikitolewa kwa ratiba aliyoidhinisha daktari badala ya kungoja mtoto alie, hupunguza haja ya dawa kali za jamii ya mofini. Hatari iko kwingine: parasetamoli imo pia katika dawa nyingi za mafua, kwa hiyo dozi yake huweza kurudiwa bila mzazi kujua, na ini likaumia. Ibuprofeni nayo haimfai mtoto aliyepungukiwa maji mwilini au mwenye ugonjwa wa figo. Kuhusu kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini ambayo bado baadhi ya watu huiona dawa ya kawaida tu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikwisha kuonya mwaka 2013 kwamba watoto waliokatwa tonsili wasipewe, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji.

Naomba kila wodi impe mzazi, kabla mtoto hajaruhusiwa, karatasi yenye uzito wa mtoto, saa za kila dawa na kipimo kwa mililita, pamoja na bomba la kupimia, maana vijiko vya nyumbani havilingani.

Msomaji wenu