Karanga zisiishie kwenye mbegu bora

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele waliotupatia mbegu bora za karanga, waingie sasa jikoni, watutengenezee unga wa karanga uliopunguzwa mafuta. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta; zikikamuliwa, protini nyingi hubaki kwenye mashudu, ambayo yakisagwa hutoa unga wa kutilia uji au kisamvu cha watu walioshauriwa kupunguza mafuta, kama mama yangu, ambaye huengua kwa kijiko mafuta yanayoelea sufuriani (na utamu wote anaumwaga!). Ila karanga zichambuliwe kwanza kuondoa zenye ukungu, kwani sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) haitoki na mafuta. Sehemu kubwa hubaki humo humo kwenye mashudu.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara