Kabla ya kutuomba simu kuukuu, tuambiwe zinakwenda wapi

Mhariri,

Miezi michache iliyopita nilimuuzia mchukuzi wa mkokoteni televisheni ya chogo iliyokuwa imekaa chumbani mwangu bila kazi tangu matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015. Alinipa shilingi 50, nami nikajiona nimetenda jambo la busara, kwa kuwa niliamini kuwa kitu kilichochukuliwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu hakipotei bure. Siku ya pili jioni niliyakuta mabaki yake kando ya hori hapa Tudor: kioo kimevunjwa shingoni, waya wa shaba uliozungushwa pale umeng'olewa, na vipande vilivyosalia vimeachwa mahali ambapo maji hufika yanapojaa. Kioo cha televisheni za aina ile kimechanganywa na risasi, yaani madini mazito yenye sumu, na seti moja huweza kuwa na kilo nzima ya madini hayo au zaidi.

Simlaumu mchukuzi yule. Mzani wa skrepa hununua shaba, aluminiamu na chuma. Haununui kioo wala plastiki, na mtu anayesukuma mkokoteni juani hawezi kutarajiwa abebe mzigo usio na bei. Kwa sababu hiyo hiyo waya huchomwa ili ganda la plastiki liondoke haraka na shaba ibaki, ingawa moshi wa plastiki hiyo hubeba dioksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa, na upepo wa kusi huusukuma moja kwa moja hadi madirishani mwetu.

Naandika kwa kuwa siku hizi tunahimizwa mara kwa mara kupeleka vifaa vyetu vibovu vikachakatwe, kana kwamba neno kuchakata lenyewe ni dhamana. Sisi wa Mombasa ndio wa mwisho kustahili kuamini hivyo. Kiwanda kilichowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, hakikuwa kikitengeneza silaha; kilikuwa kikichakata betri kuukuu za magari ili kupata risasi, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Watoto walikutwa na risasi damuni, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliopingwa katika rufaa na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Ikiwa jambo lililoitwa kuchakata liliweza kuzaa msiba wa namna ile katikati ya makazi ya watu, basi swali la kwanza la kumuuliza yeyote anayekuja kukusanya simu na kompyuta zetu ni kibali chake cha NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kiko wapi, na la pili ni mzigo wake unaishia kwa nani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Sheria hatujakosa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawatwika watengenezaji na waagizaji wa bidhaa jukumu la kugharimia mwisho wa maisha ya bidhaa zao, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha na kuokoa vitu vinavyofaa. Ninachokikosa ni kituo ambacho mama wa Majengo au kijana wa Likoni anaweza kukifikia kwa miguu, kikamlipa kwa kilo bei isiyopungua ile ya mzani wa skrepa, na kikapokea pia kile ambacho mzani unakikataa. Fedha za kufidia tofauti hiyo zitoke kwa waagizaji, ambao sehemu kubwa ya mizigo yao hupitia bandari yetu wenyewe. Mahali pazuri pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Kongowea na Mwembe Tayari, kwa kuwa mikokoteni tayari iko pale.

Mafundi wetu wa simu nao wasisahauliwe, na wala wasichukuliwe kuwa wachafuzi. Katika mji huu ambao hewa ya chumvi hula bodi za vifaa kabla ya wakati wake, fundi anayetoa spea kwenye simu tatu zilizokufa ili kufufua ya nne amepunguza taka kuliko warsha nyingi za hotelini. Anachohitaji ni sanduku salama la betri, na mtu wa kuja kulichukua likijaa. (Wanaoficha simu mbovu kwa kuhofia picha na ujumbe wao wajue kuwa, ikiwa bado inawaka, dawa yake ni kutoka kwenye akaunti, kufuta kila kitu kupitia mipangilio, na kutoa laini pamoja na kadi ya kumbukumbu; ikiwa haiwaki, wamwombe fundi aharibu kijisehemu kinachohifadhi data mbele ya macho yao.)

Naiomba serikali ya kaunti itangaze katika gazeti lako orodha ya wakusanyaji wenye vibali katika Mombasa, pamoja na mahali mizigo yao inapopelekwa. Kabatini mwangu mna simu nne, king'amuzi kimoja na kompyuta ndogo isiyowaka, na betri moja iliyovimba nimeitenga nje ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na wajukuu, nikingojea jibu.

Mkazi wa Tudor,
Mombasa