Makerere au Ashesi

Tororo, Uganda

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama anakusalimu sana na anauliza kama huko Mbale mnakula vizuri, maana kwenye ile picha anaona umepungua. Mengine yote salama.

Ulichosikia ni kweli, nimekubaliwa pande mbili. Makerere wamenipa Sayansi ya Kompyuta kwa udhamini wa serikali. Ashesi, chuo kikuu kule Ghana, wamenipa nafasi pamoja na ufadhili wa karo na malazi. Muda wa kujibu unayoyoma na hapa nyumbani kila mtu ana lake. Moyoni nimeshaamua kwenda Ashesi, ila nataka wewe uisikie hoja yangu yote kabla sijatuma jibu, kwa sababu wewe hunifichi.

Unaikumbuka siku tuliyopanga foleni ofisini kujaza fomu ya kombinesheni, yale masomo ya kidato cha tano na sita, baada ya matokeo ya kidato cha nne? Mwalimu aliweka rula chini ya jina langu, akasoma Hisabati, akasoma Fizikia, akaandika PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, na kumwita anayefuata. Historia nayo nilikuwa na D1, alama ya juu kabisa, lakini hakuifikia. Wewe ulitoka na PCB yako, yenye Biolojia badala ya Hisabati, unacheka, kwa kuwa udaktari ulikuwa wako tangu tukiwa wadogo, na nafurahi kwamba njia moja iliyonyooka imekufikisha ulikotaka. Mimi nilitoka nimenyamaza. Tulikuwa na miaka 16, na tangu siku ile hakuna mtu aliyeniuliza tena swali la historia darasani.

Chuo nacho kinaendeleza hesabu ileile. Kuingia kozi, masomo ya lazima yanazidishwa kwa 3 na yale yanayohusiana kwa 2, na sisi wasichana tunaongezewa pointi 1.5. Pointi hizo nazishukuru kwa dhati. Lakini ukishaingia, ratiba umeikuta imepangwa, na ya kompyuta haina nafasi ya mtu anayetaka kujua mambo ya karne iliyopita.

Likizo hii nimekuwa nikimsaidia mzee, baba yangu, hapo Malaba mpakani na Kenya, kwenye ofisi yake ya uwakala wa forodha. Nakaa naye mezani, naingiza namba za mizigo kwenye mfumo, mtandao unakatika, tunaanza upya. Nje dereva ametandika mkeka chini ya trela yake, anasubiri karatasi moja. Kuna kazi ya kompyuta pale, tena kubwa, na naitaka. Ila kila nikitazama daraja najiuliza mpaka huu umefikaje hapa. Hadi 1902, nchi yote kutoka hapa kwenda mashariki mpaka karibu na Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka uliotangulia, Waingereza wakataka iwe yote chini ya utawala mmoja, wakauhamisha mkoa mzima wa mashariki ukawa upande ambao leo ni Kenya. Walipiga mstari kwa ajili ya reli, na leo malori yanapanga foleni juu yake. Anayetaka kulielewa jambo hilo sawasawa anahitaji programu, sheria, uchumi na historia kwa pamoja. Mimi ndiye ninayetaka kulielewa.

Ashesi ilianzishwa 2002 na Patrick Awuah, Mghana aliyesoma Marekani, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi kwao kufungua chuo. Shahada ni ya miaka 4, mmoja zaidi ya ile ya Makerere. Uwe wa biashara, kompyuta au uhandisi, utapita kwenye uandishi, masomo ya Afrika na semina za uongozi, na utasahihishwa kote huko. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwaka 2008 wanafunzi wenyewe walipiga kura wafanye mitihani bila msimamizi chumbani, kwa ahadi kwamba hakuna atakayeibia wala kumfumbia macho anayeibia. Nimelifikiria sana hilo. Chuo kinachokuamini hivyo kwenye mtihani, naona kitakuamini pia ukiuliza swali la nje ya kozi yako.

Sikufichi, uhuru wenyewe una mipaka. Shahada ya historia hawana, na yale masomo mapana ni ya lazima, huyachagui yote. Na Makerere kuiacha kunaniuma. Ni chuo cha tangu 1922, Mwalimu Nyerere alisomea ualimu pale, na nikitaka kurudi nyumbani ni kupanda basi tu. Najua utaniambia niende Makerere, nijisomee historia jioni maktabani. Nimejaribu kujisomea miaka hii miwili. Nasoma, nakubali kila kitu, hakuna wa kunipinga. Nataka mwalimu anirudishie insha yangu ikiwa na wino mwekundu.

Mzee anasema mwaka wa ziada ni mwaka bila mshahara, na wadogo zangu watatu wananifuata shuleni. Hoja hiyo ni nzito na sina jibu la kuifuta. Nimemwambia nitaanza kutafuta kazi za likizo tangu mwaka wa kwanza. Hakusema ndiyo wala hapana, aliomba tu nimwonyeshe barua ya ufadhili kwa mara nyingine, akaisoma yote polepole.

Nakuomba jambo moja. Mzee anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi, hasa tangu uvae lile koti jeupe. Jumamosi jioni anakuwa nyumbani, mpigie. Usimbembeleze, mwambie tu unavyoona, hata kama unaona nakosea. Jibu nalituma Jumatatu.

Rafiki yako wa siku zote