Paka au mbwa wako akiugua Ujerumani: bili inavyopangwa na pa kuokoa pesa

Bei za daktari wa mifugo nchini Ujerumani zimewekwa kisheria. Ipo orodha iitwayo GOT, iliyopandishwa tarehe 22 Novemba 2022, na humo kila huduma ina bei yake ya msingi. Kumpima paka au mbwa mwili mzima pamoja na ushauri ni yuro 23.62; ukiongeza kodi ya asilimia 19, utalipa yuro 28.11. Daktari anaruhusiwa kutoza bei hiyo mara moja hadi mara tatu, kutegemea ugumu wa kazi na muda uliotumika. Kushuka chini ya msingi, kwa kawaida, haruhusiwi. Ndiyo maana kuomba punguzo baada ya matibabu hakusaidii. Piga simu kabla, uliza wanatoza mara ngapi ya msingi, na uombe makadirio kwa maandishi.

Kinachowaumiza wengi ni saa. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, sikukuu, na tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, huduma ya dharura hutozwa mara mbili hadi mara nne, na juu yake ada ya yuro 50 kabla ya kodi. Kipimo kile kile cha yuro 28.11 kinakuwa yuro 115.72 kwa uchache, na hapo dawa bado. Paka aliyeanza kuharisha Jumatano apelekwe Alhamisi, asingojewe hadi Jumapili. Tena, kliniki yenye saa zake za kawaida za kupokea wagonjwa Jumamosi haitozi ada ya dharura katika saa hizo. Itafute ya mtaani kwako mapema.

Lakini tafadhali, usiokoe pesa kwa kuchelewa pale ambapo mnyama anaweza kufa. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake ya mkojo imeziba. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Na panadol ya binadamu usimpe paka kamwe, hata kipande: ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni.

Bima ya upasuaji pekee ni nafuu kuliko bima kamili, na upasuaji ndio hasa unaomaliza akiba. Kabla ya kusaini, soma inalipa hadi mara ngapi ya GOT. Inayoishia mara mbili itakuachia deni usiku wa dharura. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba haulipwi.

Unaenda Kenya au Tanzania na mbwa wako? Nchi hizo hazimo kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zinazosamehewa kipimo cha kingamwili za kichaa cha mbwa. Kwa hiyo, ili mbwa arudi Ujerumani, damu yake itolewe kwa kipimo hicho angalau siku 30 baada ya chanjo, na matokeo yafike 0.5 IU kwa mililita. Kikifanywa Ujerumani kabla ya safari na kuandikwa kwenye pasipoti ya mnyama, hakuna kungoja miezi 3 wakati wa kurudi, mradi chanjo haikatiki.

Sisi tunapiga simu kliniki pamoja nawe na kukufafanulia makadirio kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kama umeshalipa, tutumie picha ya bili nzima: lazima ionyeshe tarehe, ugonjwa, kila huduma na kodi. Isipoonyesha hayo, una haki ya kudai nyingine.