Wazee wetu na habari za afya kwenye simu

Mhariri,

Mama yangu, aliyepita miaka 70, aliacha vidonge vyake vya presha kwa siku tisa. Sababu ni sauti aliyotumiwa kwenye WhatsApp: mtu ajiitaye daktari akisema thomu na ndimu kila asubuhi zatosha. Nilipompima, mashine ilisoma 178 kwa 104, juu sana, na yeye anasema hajambo kabisa. Presha ndivyo ilivyo, haina kelele.

Sikumgombeza. Tulikaa barazani, simu mkononi mwake, si mwangu. (Sisi vijana tuna tabia ya kumpokonya mzee simu, tukabonyeza mbio mbio na kumrudishia.) Tukakuza maandishi, kisha tukaisikiliza ile sauti upya. Nani huyu? Kasema lini? Anauza nini? Mwisho kabisa ikataja namba ya kutuma pesa. Mama akacheka mwenyewe.

Habari za kuaminika zipo. MedlinePlus, tovuti ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ina maelezo ya Kiswahili, bure, bila matangazo. Lakini mzee wa Likoni atajuaje?

Naiomba idara ya afya ya kaunti: siku za kliniki ya presha na sukari, wazee wakingoja kwenye mabenchi, awepo mtu mmoja wa kuwaonyesha habari hizo kwenye simu zao, pole pole. Na karatasi za maelezo ya dawa ziandikwe Kiswahili, herufi kubwa. Mama husoma Kiswahili vizuri kunishinda.

Mkaazi wa Majengo,
Mombasa