Malalamiko kuhusu ubao wa pedali za gitaa mlionitengenezea

Kwa Meneja,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kariakoo, Dar es Salaam.

20 Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: UBAO WA PEDALI NILIOUAGIZA TAREHE 3 MACHI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi ya muziki wa dansi hapa jijini, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Nimefika dukani kwenu mara tatu kuhusu jambo hili na nimepiga simu mara nyingi. Kila mara nimejibiwa kwa mdomo, na kila aliyenijibu alisema tofauti na mwenzake. Ndiyo sababu leo naandika, na naomba na ninyi mnijibu kwa maandishi.

Tarehe 3 Machi nilikaa na kijana wenu wa mauzo karibu saa nzima. Nilimweleza kwamba miaka yote pedali zangu, yaani visanduku vya kubadili sauti ya gitaa vinavyokanyagwa kwa mguu, nazibeba kwenye begi la mgongoni, nikifika ukumbini nazipanga sakafuni moja moja, kila moja na adapta yake, adapta zote zinabanana kwenye ekstensheni moja. Kuunganisha tu kunanila dakika ishirini, na katikati ya onyesho mcheza shoo akikanyaga waya, nimekwisha. Nikamwambia ninachotaka: ubao mmoja ambao nikifika nachomeka umeme, nachomeka gitaa, nachomeka amplifaya, napiga.

Pedali zenyewe ni sita: tyuna ya kupimia nyuzi, kompresa ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, ovadraivu ya kukwaruza sauti, korasi ya kuifanya sauti moja isikike kama nyingi, dilei ya kurudia nota kama mwangwi, na pedali ya volyumu. Nne nilikuwa nazo. Kompresa na dilei nilizinunua kwenu siku hiyo hiyo. Ubao niliuagiza uwe wa alumini kwa sababu napanda nao bajaji na bodaboda, na kwa sababu joto la pwani na unyevu wake mnaujua. Nilitaka nyaya fupi za kuunganisha pedali ziwe za kulehemu, si zile za kukaza kwa skrubu. Na niliomba kisambaza umeme ambacho kila tundu lake limetenganishwa na jingine. Neno hilo "limetenganishwa" nililirudia mara mbili, na kijana akaliandika. Mpangilio wa pedali nilimchorea mwenyewe kwenye karatasi. Karatasi ilibaki kwenu, lakini picha yake ninayo kwenye simu na nimeiambatisha hapa pamoja na risiti mbili zenye jumla ya shilingi 2,640,000.

Naomba nieleze kwa nini nilisisitiza jambo hilo la umeme, maana naona hapo ndipo hatujaelewana tangu mwanzo.

Mpiga roki anaweza kuvumilia mvumo kidogo, kwa sababu ovadraivu yake inawaka wimbo mzima na ngoma zinafunika. Sisi wa dansi hatuna pa kujificha. Tunapiga zilipendwa za Mlimani Park na Vijana Jazz, nyimbo ambazo wasikilizaji wetu wanazijua nota kwa nota tangu wakiwa vijana. Mara nyingi wimbo unaanza na gitaa tu. Solo linaingia peke yake, safi, lina korasi kidogo na dilei kidogo, gitaa la ridhim linafuata, ndipo bezi na tumba. Katika zile sekunde kumi za mwanzo ukumbi mzima unanisikiliza mimi. Wakati wa sebene hata kama waya unanguruma hakuna atakayejua, lakini pale mwanzo kila kitu kinasikika, hadi kidole kikitelezeshwa kwenye waya. Ndiyo maana nilikuja kwenu nikatoa fedha ambazo kwa mwanamuziki wa bendi ni fedha nyingi sana.

Mlinikabidhi ubao tarehe 22 Machi. Ulikuwa wa MDF, yaani mbao ya unga uliogandamizwa, iliyopigwa rangi nyeusi, mzito, na nyaya zake zote fupi ni za skrubu. Niliona, nikasema, nikaambiwa alumini imeisha na hii ni imara zaidi. Nilikuwa na maonyesho ya Iddi mbele yangu, nikaupokea. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini nilikubali mbao tu. Sikukubali mengine niliyoyakuta nyumbani.

Kwanza mpangilio. Mchoro wangu ulianza na tyuna, ikifuatiwa na kompresa, ovadraivu, korasi, volyumu, na dilei mwisho. Fundi wenu aliweka dilei kabla ya ovadraivu na tyuna mwisho kabisa. Dilei ikitangulia, ovadraivu inapokea nota pamoja na marudio yake yote na kuyakoroga kuwa uji. Sauti ya nota moja haijaisha, ya pili imeshaingia. Tyuna ikiwa nyuma ya dilei inasoma kwa pamoja nota iliyopigwa sasa na iliyopigwa kabla, sindano inayumba huku na huku, na mimi natakiwa niwe nimekaza nyuzi kabla mwimbaji hajamaliza kusalimia watu. Tena korasi, ambayo naiwasha na kuizima kuliko pedali yoyote, iliwekwa safu ya juu nyuma ya volyumu, nikiifuata kwa kiatu nakanyaga mbili kwa pamoja. Nadhani fundi alizipanga kwa ukubwa ili zienee vizuri kwenye picha.

Haya nilijirekebishia mwenyewe usiku mmoja. Nayataja kwa sababu mlinitoza shilingi 180,000 ya "kupanga na kuunganisha", na shilingi 15,000 ya waya wa umeme wa pedali ya volyumu. Pedali ile haitumii umeme kabisa. Haina hata tundu la adapta. Waya wake niliukuta umekunjwa chini ya ubao, haujachomekwa popote.

Ambacho sikuweza kujirekebishia ni umeme. Mahali pa kisambaza chenye matundu yaliyotenganishwa mlifunga adapta moja ya volti 9, na kutoka kwayo waya mmoja wenye vichwa vitano kama mkufu. Nilipowasha palikuwa na mambo mawili. Mvumo mzito wa chini, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu, ambao ulibadilika kila nilipozungusha kitufe cha muda cha dilei. Nilipiga hivyo hivyo siku ya Iddi. Kwenye wimbo wa pili kiongozi wa bendi alinigeukia jukwaani mbele ya watu akaniuliza kama waya wangu umekatika.

Nilipokuja kulalamika, fundi wenu alisema gitaa langu lina ethi (waya wa ardhini) mbovu. Gitaa hilo nalipiga mwaka wa kumi na moja. Hata hivyo nilikwenda kulipima, maana huenda kweli. Fundi wa redio wa mtaani kwetu alifanya jambo rahisi ambalo naomba na nyie mlifanye siku moja: aliondoa adapta yenu, akaweka betri za volti 9 katika pedali zote tano zenye umeme, gitaa lile lile, nyaya zile zile, amplifaya ile ile. Kimya. Kisha akarudisha adapta yenu kwa pedali nne, dilei akaiacha na betri yake. Mlio wa mbu haukurudi. Akaichomeka dilei kwenye mkufu pamoja na wenzake, mbu akarudi palepale.

Alinieleza, na naandika hapa nilivyomwelewa. Adapta ile ina miliampia 500, na pedali zangu zote kwa pamoja hazifiki hata nusu yake, kwa hiyo umeme unatosha. Shida ni kwamba wote wanakunywa kwenye kikombe kimoja. Dilei ni ya kidijitali, ndani yake kuna saa inayopiga kwa kasi kubwa, na uchafu wa saa hiyo unapita kwenye waya wa umeme na kuingia katika kompresa, ambayo kazi yake ni kunyanyua kila kilicho kidogo. Halafu ethi za pedali zinakutana mara mbili, kupitia nyaya za sauti na tena kupitia mkufu wa umeme, na duara hilo linakamata mvumo wa umeme wa ukutani. Ndiyo maana watu wanatengeneza visambaza vyenye matundu yaliyotenganishwa. Ndiyo maana niliagiza kimoja, nikalirudia neno mara mbili.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii badala ya kuendelea kupiga simu.

Mwishoni mwa Mei mlikubali kunibadilishia. Mkachukua ubao kwa wiki mbili, mkaurudisha na kisambaza kipya kimebandikwa upande wa chini kwa velkro, ule utepe wa kunatana. Kilionekana kizuri, kizito, chenye matundu manane, kila moja na taa yake. Niliuliza kama kimejaribiwa. Nikajibiwa kimejaribiwa. Tarehe 14 Juni, siku ya Jumamosi, nikakichomeka ukumbini tukiwa tunapima sauti. Hazikupita dakika tatu nikasikia harufu, kisha moshi ukatoka chini ya ubao. Mpiga tumba ndiye aliyeng'oa plagi ukutani. Nilipogeuza ubao na kubandua ile velkro, chini yake niliikuta lebo ya kiwandani: volti 120, hezi 60. Ni kifaa cha soko la Marekani. Kina transfoma ya huko, hakina swichi ya kubadili. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50, na hilo kila anayeuza vyombo vya umeme nchini hapa analijua. Fundi wenu alibandika velkro juu kabisa ya maandishi ambayo yangenionya.

Dilei haijawaka tena tangu jioni ile. Fundi wangu ameifungua na kusema imepokea volti nyingi kuliko inavyobeba. Ovadraivu inawaka lakini inakatakata. Onyesho lile nilipiga gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, kwa muda wa saa nne na nusu, na kijana wetu wa ridhim aliniazima pedali yake ya korasi akabaki bila kitu. Namshukuru sana.

Jumatatu nilipokuja, nikaambiwa jenereta la ukumbi ndilo limeharibu. Jioni ile kinanda, mikrofoni, mikisa na amplifaya nne zilikuwa kwenye umeme huo huo tangu saa kumi na mbili hadi usiku wa manane, na hakuna hata kimoja kilichopata hitilafu. Tena jenereta halikuwashwa kabisa, umeme wa TANESCO ulikuwepo muda wote.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie gharama ya dilei na ya matengenezo ya ovadraivu, fedha za kupanga na kuunganisha ambako nimekupanga upya mwenyewe, na zile 15,000 za waya usio na kazi. Kisha ama mnipe kisambaza cha volti 230 chenye matundu yaliyotenganishwa pamoja na ubao wa alumini niliolipia, ama mchukue mbao yenu na mnirudishie fedha yake yote. Mimi napendelea la kwanza, kwa sababu bado nauhitaji ubao, na sina ugomvi na duka lenu. Kompresa mliyoniuzia ni nzuri sana, naipiga kila siku.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya kifaa na kutegemea ujuzi wake katika kukichagua. Mimi nilieleza kwa mdomo, kwa mchoro, na kwa saa nzima. Nawapa siku kumi na nne kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka nakala yake, pamoja na picha za lebo, Tume ya Ushindani.

Kuna ombi moja ambalo haliwezi kungoja siku hizo. Kama kisambaza kile kilikuja na vingine kwenye mzigo uleule, tafadhali mtafuteni kila aliyekinunua, leo, mkamwambie asikichomeke ukutani. Wateja wenu wengi ni vijana wa kwaya, na najua kanisani ubao wa pedali huachwa ukiwaka chini ya jukwaa lenye zulia ibada nzima. Sisi tulikuwa na mpiga tumba aliyekaa karibu na plagi.

Ubao, kisambaza kilichoungua na dilei nitavileta mwenyewe Jumatatu asubuhi saa nne. Naomba fundi aliyeufunga awepo, na awepo pia yule kijana wa mauzo, kwa sababu yeye alinisikiliza vizuri na aliandika kila nilichosema. Natamani tuisome ile karatasi pamoja.

Wako katika muziki,

Mteja wenu, mpiga solo

Viambatisho: nakala za risiti mbili, picha ya mchoro wa tarehe 3 Machi, picha tatu za kisambaza na lebo yake, maelezo ya fundi kuhusu dilei na ovadraivu.